Siku Wacheki Walipozima Feni Zangu

Wanangu, nyinyi mnaosomea ufundi wa viyoyozi, mkiulizwa kazi yenu ni nini mtasema ni kutia baridi. Si uongo. Lakini mimi kazi hiyo nimeifanya karibu umri wangu wote wa utu uzima, na sehemu kubwa nimeifanya chini ya ukumbi wa muziki hapa Maskati, nami nawaambia kwamba baridi ndiyo sehemu nyepesi. Kutia baridi hata friji la dukani linaweza. Kazi ni kuwatia baridi watu ukumbi mzima, wamekaa kimya wanasikiliza fidla, bila hata mmoja wao kujua kama wewe na mashine zako mpo duniani.

Msianze kubahatisha ni ukumbi gani. Maskati ina kumbi kadhaa, na wenyewe wanapenda zitajwe kwa mema matupu. Ukumbi wangu mimi uiteni ukumbi tu. Una viti vyekundu, una dari ya mbao iliyonakshiwa, na chini yake, mahali ambapo mgeni wa heshima hafiki, una chumba cha mitambo. Humo ndimo nilimoota mvi.

Aliyenifunza kazi ni Mmalabari mmoja wa Bara Hindi, Mzee Kurian, mtu mfupi mwenye masharubu mazito na maneno machache. Siku ya kwanza alichukua bisibisi ndefu, nikadhani tunakwenda kufungua kitu. Kumbe akaigusisha ncha yake pale penye beringi, ile pete ya gololi inayoshika mhimili wa feni, na mpini akautia sikioni, akafumba macho. Nikacheka. Akanipa nami nijaribu. Lo! Nilisikia chuma kinazunguka kama mtu anayesaga nafaka chumba cha pili.

"Hii nzima," akasema. Akanipeleka kwenye feni nyingine. Huko, ndani ya ule usagaji, mlikuwa na kitu kama punje ya mchanga katika unga. "Hii mgonjwa. Haifiki Ramadhani." Na kweli haikufika.

Siku hizi mnazo skrini zenye rangi. Kijani maana yake salama, nyekundu maana yake mbio. Sina ugomvi na skrini. Miaka yangu ya mwisho nami nilikuwa nayo kwenye simu, nimekaa nyumbani Ansab nakunywa kahawa na tende, naangalia ukumbi wangu umelala. Lakini skrini itakwambia feni inazunguka mara ngapi, haitakwambia kama inaugulia. Mkiajiriwa, cha kwanza kununua iwe bisibisi ndefu, na mvumilie kuchekwa.

Makosa yangu mengi yalikuwa ya kuchekesha, alhamdulillahi. Msimu wangu wa kwanza nilitaka sifa, nikasukuma hewa kwa nguvu. Wapiga fidla wakaanza tu, karatasi zao za muziki zikaruka kama njiwa. Bwana mmoja alikuwa akipiga kwa mkono wa kulia na kukanyaga karatasi kwa mguu wa kushoto, na wala hakukosea. Kesho yake nikatumwa soko la Matrah kununua vibanio vya nguo. Na mpiga qanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, kutoka Misri aliwahi kunifokea mbele ya watu kwa kukausha hewa mpaka mbao ya chombo chake ikalia kwa ufa. Tangu siku ile nilijua kwamba hewa kavu ni kisu, na hewa yenye maji ni kutu, na fundi anatembea katikati yake.

Halafu kuna wageni wa meli. Wakishuka Bandari ya Sultan Qaboos wanaletwa ukumbini na kaptura zao, wanatetemeka, wanaandika malalamiko kwamba kuna baridi ya kuua. Mstari wa nyuma yao wamekaa watu wetu na kanzu na vilemba, nao wanalalamika joto. Nilikuwa nikiwajibu wote kwa jibu moja: "Nimerekebisha." Wote wakashukuru, na mimi sijagusa kitu.

Sasa niwaambieni habari ya Wacheki.

Ilikuwa mwisho wa msimu, mwezi wa Mei, jua la Maskati limekwishachoka kuvumilia. Msimamizi wetu wa jukwaa alikuwa Rahma, binti wa watu wa Unguja kama mimi, aliyeniita ami ingawa hatuna undugu. Alikuja chini mbio, shela begani.

"Ami, wiki hii usinifanyie mzaha. Wanakuja Wacheki."

"Kila wiki wanakuja watu, mwanangu."

"Hawa si watu tu. Nchi yao ndogo huko Ulaya, ukiitafuta kwenye ramani inapotea. Lakini ukitaja zumari na fidla duniani bila ya kuwataja wao, utaambiwa hujui kitu. Okestra yao kongwe, hata babu zetu hawajazaliwa. Na tamasha lenyewe linakwenda moja kwa moja kwenye redio ya kwao. Nchi nzima inaskiza, ami. Wallahi nna homa."

Rahma alinieleza jambo jingine ambalo sikulisahau. Alisema katika okestra ile kiti hurithiwa, si kwa damu, kwa kufunzwa. Aliyekaa leo alifunzwa na aliyekaa jana, na yule wa jana na wa juzi, hivyo hivyo kurudi nyuma, ndiyo maana watu husema sauti yao haifanani na ya mtu. Niliitikia tu. Mimi fidla niliyokulia nayo ni ya taarab, iliyopigwa sebuleni kwetu na wajomba walioacha viatu mlangoni. Nilidhani najua fidla ni nini.

Okestra zote nilizowahi kuziona zikifika kwa mazoezi huingia kama soko usiku wa kuamkia Idi. Huyu anapuliza hiki, yule anakwaruza kile, mmoja anagombana na kiti. Wacheki waliingia, wakakaa, wakaweka vyombo vyao mapajani, wakanyamaza. Nilikuwa nimesimama pembeni ya jukwaa na Rahma. Nikadhani wanasali.

"Hawasali," Rahma akaninong'oneza. "Wanauskiliza ukumbi. Kila wendako ndiyo desturi yao. Hawapigi mpaka wasikie mahali penyewe panasemaje."

Walikaa hivyo kwa muda mrefu, watu wazima ndani ya ukumbi wa mbao na viti vitupu, hakuna anayekohoa. Kisha mwongozaji wao, mtu mrefu mwenye miwani, akauliza neno moja kwa lugha yao. Upinde mmoja ukanyanyuka, halafu wa pili, halafu kumi, halafu wote. Pinde za fidla, pinde za besi, mpiga ngoma na fimbo yake, mwenye tarumbeta na tarumbeta yake. Wote walikuwa wanaelekeza mahali pamoja: kitundu kimoja cha hewa kwenye dari, upande wa kushoto, juu ya safu ya tatu ya viti.

Nywele zilinisimama. Kisha nikaudhika, maana kitundu kile kilikuwa changu.

"Waambie hapo hapana kitu," nikamwambia Rahma. "Zile feni nimezitia grisi kwa mkono wangu."

Rahma akawaambia kwa Kiingereza, kwa adabu zaidi kuliko nilivyosema. Akainuka bibi mmoja katikati yao, nywele nyeupe zimekatwa fupi, mkononi ana zumari ndefu yenye tumbo la mviringo chini. Hakubishana nami. Akafumba mdomo, akavumisha sauti moja tu, mmm, nyembamba, tulivu. Wenzake wakaishika ile sauti, mmoja mmoja, mpaka okestra nzima ikawa inavuma. Kisha akashusha mkono, wote wakakata pamoja. Na ile sauti ikabaki, imo hewani, peke yake. Ilikuwa ni feni yangu.

Nimefanya kazi na mainjinia wa Kijerumani wenye vyombo vya kupimia. Sijawahi kuonyeshwa kitu namna ile.

Nikashuka chini na Mutua, fundi wetu wa umeme, Mkenya wa Machakos, kijana mwenye mikono mizuri na mdomo usiotulia. Skrini ilikuwa kijani tupu. Nikatia bisibisi sikioni. Punje ya mchanga katika unga, tena ndogo mno, mimi ningeigundua baada ya Idi.

"Mzee, hii bearing imeanza kwenda," Mutua akasema baada ya kusikiliza. Akatazama juu, kana kwamba angeweza kuwaona Wacheki kupitia zege. "Na hao watu wameisikia wakiwa huko? Aki hawa si watu wa kawaida."

Beringi nyingine hatukuwa nayo stoo. Ilibidi itoke Dubai na isingefika kabla ya tamasha. Tukaizima feni ile, nyingine zikabeba mzigo. Nikapanda nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Wacheki wakanyamaza tena, wakasikiliza. Mwongozaji akamwambia Rahma neno, Rahma akanigeukia kwa huruma.

"Anasema ahsante sana, ami. Anasema sasa ile imeondoka, wanazisikia zile nyingine."

Adhuhuri ile yule bibi wa zumari alishuka chumba cha mitambo. Alikuwa akiitwa Jitka. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga na changu hivyo hivyo, basi tulielewana vizuri sana. Alitaka kujua hewa ya jukwaani itakuwa na unyevu kiasi gani Ijumaa baada ya Alasiri, wakati wa tamasha. Nilishangaa. Wanamuziki huuliza chakula kiko wapi.

Akanionyesha sababu. Katika kijisanduku kidogo alikuwa na vimwanzi, vile vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja anavyotia mdomoni. Anavitengeneza mwenyewe kwa kisu, na kila kimoja kina hali yake: hiki cha hewa kavu, hiki cha mvua, hiki cha milimani. Akachonga kimoja mbele yangu, akakwangua unga mwembamba kuliko ukucha, akapuliza, akakwangua tena. Nikamwonyesha kipimo changu cha unyevu. Tukakaa juu ya ndoo mbili za rangi kama mafundi wawili wa baraza moja.

Akaniambia sehemu ya pili ya muziki wa Ijumaa ni ya polepole, na inaanza kwa zumari yake. Wengine wanamshikia chini, kwa sauti ndogo kabisa, na yeye anaimba juu. Ameipiga tangu msichana. Mtunzi wake ni mtu wa kwao, na kwao hata muuza mkate anaijua, ikikosewa anajua. Na Ijumaa ile ndiyo mara yake ya mwisho. Akirudi nyumbani anastaafu, kitini anakaa mwanafunzi wake.

"Umeshaipiga mara nyingi," nikamwambia. "Itakwenda vizuri."

Akacheka. "Sijawahi kuipiga sawa hata mara moja."

Nilidhani ni unyenyekevu wa kizee. Lakini alikuwa akisema kweli tupu, kwa uso wa mtu anayesoma kipimo. Kila mara kulikuwa na kitu. Mara mtu amekohoa, mara mlango umebamizwa, mara mashine inavuma na sauti yake inaegemea ule uvumi bila yeye kutaka. Alikuwa hajui, akasema, kama huikosea kwa sababu ya vitu hivyo au kwa sababu yake mwenyewe. Alitaka kujua mara moja kabla hajaiweka zumari sandukuni.

Mimi nami nilikuwa nimebakisha msimu mmoja kustaafu. Maneno yale yalinichoma. Nikaona kama mtu mzima huyu ameniomba maji na birika liko mkononi mwangu.

Mwongozaji ndiye aliyetamka ombi lenyewe, mbele ya meneja wa ukumbi: feni zote zizimwe, kwa ule mwanzo wa sehemu ya polepole. Meneja akamtazama kama ameomba tuondoe paa. Mei! Ukumbi umejaa, mawaziri wamo, mabalozi wamo, nje watu wanakaanga mayai juu ya magari! Na wanamuziki wenyewe wamevaa makoti meusi ya sufu. Kwao jambo kama hilo haliamuliwi na mwongozaji peke yake. Akawageukia okestra akawauliza. Pinde zikanyanyuka tena, zote. Meneja akasema basi, angalau wavue makoti. Wakatazamana kwa mshangao wa kweli, kama watu walioambiwa wacheze bila suruali. Makoti yalibaki.

Meneja akakubali kwa shingo upande. Ila akaweka sharti: watu wakianza kutaabika, feni zinawashwa pale pale, na atakayetoa amri ni yeye, kupitia redio ya mkononi ya Rahma.

Sasa sikilizeni, hapa pana ufundi. Feni kubwa haizimwi kama taa. Inachukua muda kutulia, na mabomba mapana ya bati yanayopitisha hewa, yakianza kupata joto, hulia: tik, tik, kama mtu anayevunja vidole. Ukizima dakika ile ile ya zumari, umeharibu. Kwa hiyo tulikubaliana nizime mapema, katikati ya sehemu ya kwanza, pale wanapopiga kwa kishindo, ili matarumbeta yafunike vilio vyangu vyote. Kabla ya watu kuingia niliupooza ukumbi mpaka mabibi wakajifunika shela kwenye milango. Nilijiona mjanja. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa watu wenyewe.

Ijumaa ikafika. Mimi na Mutua tulikuwa chini. Yeye alikaa kwenye ubao wa swichi, mimi nimefungua kile kimlango cha kukagulia bomba kuu, nimetia kichwa humo nusu. Tangu nianze kazi sikuwahi kusikia tamasha nikiwa chini, maana feni zinakula kila kitu. Rahma aliponiambia "Sasa, ami," nikampa Mutua ishara, na mashine zikaanza kulala moja baada ya moja. Kisha, kutoka ndani ya bati, ikashuka okestra. Ilikuwa mbali, ndogo, lakini yote imo. Nilishtuka nikagonga kichwa.

Sehemu ya kwanza ikaisha kwa ngurumo. Kukawa kimya. Nikasubiri zumari.

Badala yake nikasikia kitu kingine. Kwanza kidogo, kisha kingi, kisha kila mahali: fyafyafya, fyafyafya, kama kuku mia wanachakura majani makavu. Nikashika redio.

"Rahma, nini hicho?"

"Watu, ami." Sauti yake ilikuwa karibu na kulia. "Joto limepanda. Wanajipepea kwa vitabu vya programu. Ukumbi mzima, hata mabalozi!"

Tulikuwa tumewapa wenyewe vile vitabu mlangoni, karatasi nene ya kung'aa, kila mtu chake. Nilizima uvumi wa feni tano nikawasha pepeo elfu. Nilitaka ardhi inimeze.

"Mzee, si tuwashe tu?" Mutua akasema, kidole juu ya swichi. "Watu wataiva huko juu."

Redio ikakoroma. "Ami, meneja anasema washa."

Mkiwa kazini mtafika siku kama ile. Nikiwasha, feni zitaamka kwa kelele, na bati litalia tena, na yule bibi atapuliza juu ya kelele hizo, mara yake ya mwisho, nchi yake nzima inasikiliza. Nisipowasha, atapuliza juu ya kuku.

"Wacheki wanafanya nini?" nikauliza.

"Hawafanyi kitu. Mwongozaji kanyanyua fimbo, kaiacha juu, haanzi. Wao wamekaa. Ami, jasho linawamiminika mpaka shingoni, hapana hata mmoja anayejifuta. Wanawatazama watu tu. Hawawakasirikii. Wanangoja." Akashusha sauti. "Meneja anauliza kwa nini huwashi. Nimwambie redio yako haishiki?"

"Haishiki, mwanangu."

"Haya. Haishiki."

Mutua akaondoa kidole kwenye swichi, akakikunja ndani ya ngumi.

Na ndani ya bati wale kuku wakaanza kupungua. Rahma alinihadithia baadaye: mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kilemba na fimbo, aliwatazama wale watu wenye makoti ya sufu, wamelowa, hawatikisiki, akaona haya. Akakiweka kitabu chake mapajani, akaweka mikono juu yake. Jirani yake akamwona, akaweka chake. Haya ikatembea mstari kwa mstari mpaka nyuma. Hakuna aliyeambiwa. Mimi kwa upande wangu nilisikia tu fyafya zikififia, zikabaki mbili tatu, ikabaki moja upande wa kulia, yenye kiburi, kisha nayo ikafa.

Sijui niwaambieje kimya kile. Nimeishi na mashine, nilidhani kimya ni mashine iliyotiwa grisi vizuri. Kile kilikuwa kimya cha watu ukumbi mzima walioamua. Hata Mutua alivua kofia, na yeye ni mtu wa kwaya, anajua muziki mzito zaidi yangu.

Nikasikia pumzi. Mtu mmoja, mbali juu, akivuta hewa, hewa ile ile niliyompimia. Kisha zumari.

Sitajaribu kuwaigizia. Haikuwa kubwa, wala haikuwa na mbwembwe. Ilikuwa sauti ya mtu anayekumbuka mahali na hana haraka ya kufika. Chini yake fidla zilikuwa zinamshikilia kwa sauti ndogo hata nilikuwa sizisikii, nilikuwa najua tu kwamba zipo. Watu wote wale, kila mmoja anajizuia ili mmoja asikike. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya zege, kichwa ndani ya bomba la bati, machozi yananitoka na vumbi linanishika usoni, na nilimtukuza Mungu aliyewapa viumbe wake masikio.

Rahma alitakiwa kunipa ishara ya kuwasha feni, zumari itakapomaliza. Zumari ikamaliza. Redio kimya.

"Rahma," nikanong'ona, "niwashe?"

Hakujibu. Sikuuliza tena. Fidla zikaingia, ile ya polepole ikaendelea, zumari ikarudi karibu na mwisho kuaga, na hapana aliyekumbuka kwamba duniani kuna feni. Mpaka sehemu yenyewe ilipoisha ndipo redio ikasema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, "Ami... nnaomba radhi. Washa." Mutua akawasha. Mashine zangu zikaunguruma, zikaimeza okestra yote, na mimi nikazisikia kwa mara ya kwanza zilivyo.

Meneja alikuja na maneno yake tayari, lakini alikuta balozi mmoja anamshika mkono kwa mikono miwili, basi maneno akayameza. Siku chache baadaye ukumbi ukaacha kugawa vitabu vya karatasi ngumu.

Jitka alishuka chini kabla ya basi lao kuondoka. Nguo yake nyeusi ilikuwa imemganda mwilini, nywele zimelowa. Mutua akamsogezea ndoo ya rangi, akakaa. Nilikuwa nimejiandaa kumpongeza, lakini nilipomwona nikakumbuka alichokuwa anakitafuta, nikamuuliza hicho hicho: kama leo imekuwa sawa.

Akafikiri, hakuharakisha. "Hapana," akasema. "Ile sauti ya tatu kutoka mwisho, niliishikilia kupita kiasi."

Nikaanza kumwambia juu ya joto, juu ya zile karatasi, juu ya yule mmoja wa upande wa kulia aliyechelewa kuacha. Akatikisa kichwa. Alikuwa anatabasamu, uso wote, kama msichana.

"Wote walikuwa kimya," akasema. "Hapakuwa na feni wala kikohozi. Leo kosa lilikuwa langu mimi, peke yangu. Umri wote huu nilikuwa sijapata kulisikia."

Kisha akasimama akanipa mkono, na mkono wake ulikuwa umelowa jasho kama wangu.